Nyumba Yenye Tanga

"Mabati ni ya nani, Hesbon?"

Hesbon alikuwa amelala chali chini ya mashua, msasa mkononi, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope. Phelista alimsogezea usoni simu ya Hesbon mwenyewe, asome. Ujumbe ulikuwa wa Mama Agneta, mamake Phelista, kutoka kwake Mabanga:

"Mwanangu nimefurahi. Hayo mabati yanatosha vyumba viwili. Usimwambie Phelista kwanza."

"Nilikuwa nataka kukwambia," Hesbon akasema.

"Lini? Nikishajikuta kwenu Naitiri nikipalilia mahindi?"

Haya basi. Miaka mitatu wawili hawa walikuwa wakijenga mashua ya tanga katika karakana ya Hesbon pale Kitale, mji ambao ukitaka kuona maji mengi unangoja mvua. Hesbon alikuwa fundi wa bodi za malori. Phelista alifundisha wakulima upande wa Bungoma siku tano, na kila Jumamosi alipanda Kitale kupiga msasa hadi vidole vikamchubuka. Wangeoana, wahamie ndani ya mashua, walizunguke Ziwa Victoria lote, wakichoka na mahali wang'oe nanga. Watu waliwacheka mpaka kicheko kikawaishia wenyewe. Phelista hakujali. Alikuwa mtu wa kukalia ukingo wa kiti, na akifikiria kuzeeka akitazama shamba moja, pumzi ilimkatika.

Shida ilikuwa Mama Agneta. Alisema hatoi baraka zake binti yake aolewe na mtu asiye na nyumba, na alikuwa na njia ya kulirudia hilo bila kufungua mdomo. Kwa watu wa kwao, mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake wala hampi mkono. Sasa huyu mama kila akija Kitale alimpa Hesbon mkono, akaingia chumba chake cha kupanga, akaketi kitandani na kuitisha chai ya pili. Hesbon, masikini, alidhani anapendwa. Phelista masikio yalimwaka kwa aibu, maana alielewa anachoambiwa: hapa hakuna nyumba, na huyu si mkwe.

"Kila mamako akienda unalia," Hesbon alisema akijitoa chini ya mashua. "Nikaona nijenge kwetu Naitiri, aridhike. Halafu twende."

Phelista akatazama kona ya karakana. Ilikuwa tupu.

"Tanga liko wapi?"

Hesbon akaanza kupangusa vumbi kwenye kope.

"Hesbon, nakuuliza. Tanga liko wapi?"

"Kuna mzee wa Malakisi alikuwa anatafuta turubai. Ya kufunikia tumbaku."

Tanga ambalo Phelista alilishona kwa mkono, Jumamosi kumi na nne! Alitaka kucheka, alitaka kumpiga na kipande cha mbao, hakufanya lolote. Alivua aproni akaitundika kwenye msumari.

"Ulitaka mama akukubali," akasema. "Mimi nilitaka uniulize. Jenga Naitiri. Nitapita siku moja nikusalimie."

Akashuka Bungoma. Wiki nzima Hesbon alipiga simu, Phelista hakushika. Lakini kutulia ndiko kulimshinda: alifundisha akitembeatembea mbele ya darasa, na chakula alikila akiwa amesimama mlangoni kwa mamake. Siku ya nne akamwambia wazi kwamba hataki nyumba ya Naitiri hata iwe ya ghorofa, kwamba anampenda Hesbon na anataka kwenda, na kwamba akienda bila baraka zake atakuwa anaangalia nyuma kila siku. Mama Agneta alijibu tu kwamba hicho kitu cha kulala majini yeye hakijui, akaendelea kuchambua mboga.

Ijumaa ujumbe ukaingia: "Tanga limerudi. Linanuka tumbaku. Mabati nimerudisha dukani. Ilikuwa nikuulize, sikukuuliza, nisamehe. Lori la kwenda ziwani ni Jumanne asubuhi. Bila wewe siendi."

Phelista aliusoma mara tano. Akajibu maneno matatu: "Pitia kwa mama."

Jumanne lori likasimama langoni Mabanga, mashua imefungwa juu kwa kamba, majirani wameacha majembe kuja kuona. Mama Agneta akatoka akipangusa mikono kwa leso. Aliizunguka mara mbili. Akauliza wanapikia wapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Hesbon akapanda, akafungua mlango mdogo aliouchonga mwenyewe, akamwonyesha jiko, kitanda, na rafu yenye vikombe vitatu.

"Cha tatu ni cha nani?"

"Ni chako, Mama."

Hesbon akateremsha ngazi, akamnyooshea mkono.

"Panda uone ndani."

Mama Agneta aliutazama ule mkono. Kisha akaficha wake ndani ya leso, akarudi nyuma hatua tatu hadi kwenye ua. Phelista akamfuata. Miaka mitatu, na mama hata kukanyaga amekataa.

"Mama, kupanda tu?"

"Siwezi."

"Kwa sababu si nyumba?"

Mama Agneta akamgeukia.

"Phelista. Uliniona wapi nikiingia nyumba ya mkwe?"

Phelista akafunika mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali majirani. Hesbon ndiye aliyechelewa kuelewa. Mkono wake ulining'inia hewani mpaka akashtuka, akauficha nyuma ya mgongo, akainamisha macho kama mkwe anavyopaswa.

"Mwambie mkwe wangu afunge huo mlango vizuri, barabara ya mbele ni mbaya," Mama Agneta akamwambia binti yake. "Na hicho kikombe changu uniletee hapa nje. Chai iko jikoni."