Mwanamke wa Bendi ya Kutu

Kutu ilikuwa bendi ya panki, muziki wa kelele na hasira, ya wanaume watatu. Mmoja alipiga gitaa, mmoja besi huku akiimba, na Nyundo alikuwa kwenye ngoma. Walidumu msimu mmoja, wakarekodi kanda moja, wakatawanyika. Hata hivyo, vijana ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa walizidi kumfuata Nyundo kwenye karakana yake ya friji, makoti yamejaa pini, wakiuliza swali lile lile.

"Mzee wetu, yule mama anayeimba nyuma yenu kwenye kanda yuko wapi?"

"Hatukuwa na mama."

"Acha utani! Tunampenda kuliko nyinyi wote."

Nyundo alicheka nao, kisha akafunga mlango. Sauti ile aliijua. Ilijitokeza kwenye kanda bila mtu kuiimba, na ndiyo iliyowavunja.

Mchana mmoja alimkuta binti yake jikoni akiosha vyombo na kuimba. Ulikuwa wimbo ambao Kutu waliujaribu siku waliyotawanyika, ambao haukurekodiwa wala kusikiwa na mtu mwingine. Jikoni kulinuka chuma kilicholowa.

"Nani kakufundisha huo?"

"Upi, baba?" alijibu, lakini wimbo haukukatika, uliendelea chini ya maneno yake, kutoka koo lile lile.

Tangu hapo sauti ya binti ilififia na ile nyingine ikanenepa, mpaka akawa hawezi hata kuomba chumvi bila mwanamke yule kumsemea. Shangazi mtu akaleta mganga, mama mfupi asiye na maneno mengi.

"Mlimwita," mganga alinong'ona.

"Mama, sisi tulipiga muziki tu. Tena vibaya."

"Jukwaani mlisemaje?"

Nyundo akainamisha kichwa. "Tulikuwa tunawageuzia watu kipaza sauti. Tukasema, asiye na pa kupigia kelele, aje apigie kwetu. Hatukumbagua mtu."

"Na aliyekuja hakuwa mtu. Wenzako wako wapi?"

"Wamefariki."

"Basi mwenyeji ni wewe. Mfukuze."

Nyundo alisimama mbele ya mwanawe, akamwamuru mwanamke yule atoke, na hapo hapo ukutani zikaanza ngoma, kwa lile pigo la kuchechemea ambalo lilikuwa la Nyundo peke yake, zikienda mbio huku vikombe vikigongana kabatini na harufu ya chuma ikiwakaba wote, na shingo ya binti ikivimba, ikivimba, mpaka midomo ikawa ya buluu.

"Niende wapi?" mwanamke aliuliza kwa adabu. "Mlinikaribisha wenyewe."

"Usimjibu!" mganga akamshika Nyundo mkono.

Nyundo aliitazama midomo ile. "Njoo kwangu," akasema. "Mtoto hakukualika."

Ngoma zikakatika. Mganga aliondoka kinyumenyume, viatu mkononi, bila kuaga.

Binti akakohoa. "Baba," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "nina kiu."

Nyundo akamletea maji, akapiga magoti, akamshikia kikombe. Machozi yalimtiririka, lakini midomo aliibana.

"Mbona husemi, baba?"

Akatikisa kichwa na kujaribu kutabasamu. Binti akamkumbatia, akalaza sikio kifuani pake, kisha polepole akajitoa, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mle ndani, mwanamke alikuwa anasafisha koo.