Mashine Zinazonguruma Zenyewe

Kila asubuhi fundi cherehani aliwasha mashine yake mpya ya mota hata kabla ya kufungua dirisha la chumba alichopanga cha kushonea. Gauni lililomchukua siku nzima sasa lilimchukua saa mbili. Hata hivyo, sufuria ya nyumbani ilizidi kuwa nyepesi.

"Jumapili kitinda mimba anakwenda kwa shangazi yake," mkewe alimwambia humo chumbani. "Akale huko. Sisi tumeshindwa."

Fundi alikunja kitambaa polepole. "Mashine hii ina mkosi. Inachotupa, kuna kitu kinakimeza."

"Hata mimi nimekisikia, baba watoto. Ukitoka, kinapumua humu ndani."

Adhuhuri fundi alitoka kutafuta wateja. Mtaa wa mafundi ulikuwa mtupu. Milango ilikuwa wazi. Katika kila chumba kulikuwa na mashine, taa inayowaka na kiti kisicho na mtu. Lakini vyumba vyote vilinguruma kwa sauti moja, kama watu waliolala. Akaharakisha hatua.

Katika chumba cha mwisho alimkuta jirani yake mtengeneza mashine, ambaye watu humwita Mama Spana.

"Mbona unatetemeka, jirani? Umekutana na jini au mwenye nyumba?"

"Heri jini."

Mama Spana alicheka, kisha akasikiliza shida yake hadi mwisho.

"Mota hizi zikishawashwa huzunguka tu, hata usiposhona," alisema. "Wenyewe wanatafuta wateja, zenyewe zinakula umeme. Tena mtaa mzima mmenunua mashine za haraka. Mkashindana, bei ya kushona ikashuka. Je, chakula? Kinakuja kwa lori, na lori linakunywa mafuta. Je, kodi ya chumba? Ardhi haishonwi. Mashine hupunguza gharama ya kile inachokitengeneza tu."

"Basi niiuze?"

"Urudi kushona kwa mkono? Izime usiposhona. Halafu, wewe na fundi wa chumba cha jirani mna kazi ya nusu siku kila mmoja. Vyumba viwili vya nini?"

Kabla ya Jumapili, mafundi hao wawili walihamia chumba kimoja. Mmoja alishona asubuhi, mwenzake jioni. Kodi waligawana. Mashine ya pili waliiuza, wakanunua kitambaa kwa jora zima, kwa bei ya jumla.

Kitinda mimba hakwenda kwa shangazi. Siku hiyo alikaa chini ya meza, ameshiba, akiokota vipande vya kitambaa. Mashine ilikuwa imezimwa. Akabandika sikio ukutani.

"Baba, nyuma ya ukuta huu nani ananguruma?"

Fundi alijua hakuna mtu, ni mashine ya jirani mwingine iliyoachwa ikizunguka. Aliweka mkasi mezani, akaenda kuizima, kisha akaketi mlangoni pale kumsubiri mwenye mashine, amweleze.