Maji Aliyokatazwa Shangazi Mwamina

Haya ninayoandika ni kweli tupu; nikiongeza hata nukta, kalamu inikaukie mkononi.

Mwaka 1986, kila asubuhi mjukuu wangu Mwanawetu, wa darasa la tano, alichota maji na shangazi yake Mwamina kabla ya kwenda shule pale Ruponda. Mwamina, binti yangu, alikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Mama mkwe wake alisema amerogwa, na alikwishaanza kumtafutia mwanawe Hasani mke mwingine.

Siku moja Laurencia, muuguzi wa zahanati yetu, alimtuma Mwanawetu: "Kesho daktari mgeni atakuwa Nachingwea na mashine ya kupiga picha mfuko wa uzazi. Siku moja tu. Mwambie shangazi anywe maji mengi, asiende haja ndogo mpaka apimwe."

"Babu, maji ya nini?" mtoto akaniuliza.

Mimi na utani wangu! "Heri asinywe! Mashine ikikuta maji itaona bwawa. Daktari ataandika: huyu ana kambale."

Nikacheka, nikasahau. Mwanawetu hakucheka. Akamwambia shangazi yake, "Muuguzi amesema usinywe hata tone."

Kesho yake tulikwenda wote Nachingwea, Laurencia akiwamo. Daktari akapitisha kidude chake tumboni, akatikisa kichwa. "Kibofu kitupu. Bila maji sioni kitu." Akaita mgonjwa mwingine.

Mwamina akaketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga. "Basi, baba. Hasani ataoa."

Mwanawetu akaangua kilio. "Ni mimi, shangazi! Nilibadilisha maneno. Babu alisema wataona kambale!"

Laurencia akanigeukia. "Mzee Kaimu! Utani hata kwa mwanao?"

Nilitafuta uongo wa kujiokoa, sikuupata. Nikakiri.

Laurencia akamsihi daktari, naye akakubali kumpima Mwamina mwisho. Mwamina alikunywa vikombe sita, akasubiri. Safari hii picha ilionekana.

"Ukuta wa ndani, pale mimba inapojishikiza, ni mwembamba mno," daktari alisema polepole. "Huenda una makovu ya ugonjwa wa zamani. Sitakudanganya, mama, kupata mtoto kutakuwa vigumu sana."

"Kwa hiyo sikurogwa?"

"Hukurogwa. Wala si kosa lako."

Mwamina alilia bila sauti. Laurencia akamshika Mwanawetu bega. "Umesema kweli kabla mashine haijaondoka. Lakini ujumbe wa afya hufikishwa kama ulivyotolewa. Usipouelewa, rudi uniulize."

"Na babu je?"

"Babu atalipa faini," Mwamina alijibu. "Atamweleza mama mkwe wangu aliyoyasikia leo. Bila chumvi."

Jioni niliketi mkekani kwao, mbele ya Hasani na mama yake. Nikasema: ukuta mwembamba, labda makovu, si uchawi, si kosa lake. Sikuongeza hata nukta.

Hasani akasogea, akampisha mkewe aketi kando yake.