Matairi Yaliyofundishwa Salamu

Haya ni ya kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Msimulizi wenu ameyaapia mbele ya baraza la kahawa la Shaweji, pale Mji Mpya, Morogoro, kwa sharti moja: likipatikana neno la uongo, kahawa ya baraza zima ni juu yake, pamoja na kashata. Nanyi mnajua mkono wake ulivyo mgumu. Mtu wa namna hiyo atathubutuje kudanganya?

Basi siku moja mvua ilikuwa imeifanya barabara ya Mgeta iteleze kama mlenda. Gari-jua la Mzee Dismas Kobelo liliteremka kutoka milimani limesheheni kabichi na karoti, na kila lilipofika penye utelezi, matairi yake manne yalitoa kucha. Kucha kweli, kama za paka, zikauma udongo, kisha zikarudi ndani lami ilipoanza. Hayo ndiyo yaliyoitwa matairi sikivu. Ndani ya kila moja mlipita nyuzi-neva nyembamba kuliko unywele, zenye kuhisi kokoto, joto na uzito wa mzigo. Katikati palikaa akili mnemba ndogo kama punje ya choroko, nayo ilijifunza tabia za barabara na tabia za dereva pia.

"Kulia kuna shimo," lilisema la mbele.

"Nimelisikia. Wewe shika, na mimi nashika," likajibu la nyuma.

Penye kona kali mzee alisimamisha gari, akajikandamiza kifuani kwa kiganja, akatulia kidogo. "Kiungulia," alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza. Akakaza mkanda wake, ule aliokuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, akaondoka.

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoanza. Kampuni ya Mzunguko Mwema, iliyoyatengeneza matairi hayo, iliyapa sauti lakini haikuyapa malezi. Asubuhi ya kwanza kabisa, Mzee Dismas alipofungua mlango wa gari, tairi la mbele kushoto lilimrukia: "Upepo umepungua. Kuna msumari."

Mzee aliubamiza mlango. "Hata salamu hakuna! Umelelewa wapi wewe? Mtu akikuuliza habari, unasema salama kwanza. Hata kama nyumba inaungua unasema salama, unaacha salamu ziishe, ndipo unasema, 'Ila nyumba inaungua.' Na mbele ya mgeni ndiyo usithubutu kabisa kuanza na ubaya!"

Tairi liliomba radhi, likajifunza, likawafunda na wenzake. Mzee akalipenda, akalibatiza jina la Shemeji, kwa sababu lilikaa chini ya kiti cha mkewe, Mama Auksilia, na kwa sababu halikukosa neno. Wala hakuwa peke yake. Mji mzima watu waliyafunda matairi yao vivyo hivyo, maana nani atakubali kukaripiwa alfajiri na kipande cha mpira?

Ndipo likaja tangazo. Matairi yote ya toleo lile yalikuwa na kasoro: kwenye mteremko mrefu utando wa ndani huchemka, na tairi linaweza kupasuka. Kila mwenye nayo ayapeleke kituo cha Kihonda, apewe mapya au arudishiwe fedha zake. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo kampuni itayafunga kwa mawimbi kutoka hewani, yasizunguke tena. Gari la Mzee Dismas likifungwa, hana njia nyingine ya kupanda Mgeta, na Mgeta ndiko ulikokuwa ugali wake tangu ujana.

Ijumaa hiyo foleni ilianzia kituoni ikapinda mpaka kwenye kiwanda cha magunia. Jua lilikuwa halina huruma. Mama Auksilia aliketi kiti cha kushoto na kikapu cha mihogo mapajani.

"Kula, Baba Auksilia."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hasira?"

Mbele yao dereva mmoja alitoka kwenye kibanda akipiga kofia yake chini. "Mara ya tatu!" alipayuka. "Mara ya tatu hili dude linaniambia tairi langu zima! Jana limenipasukia, hili hapa, mkono unaingia!"

Walipofika kibandani wakaelewa. Ndani hapakuwa na mtu, palikuwa na karani mnemba, kioo kipana chenye uso wa binti anayetabasamu pasipo sababu. Kampuni ilikuwa imeng'atwa zamani na wajanja waliochoma matairi mazima kwa bisibisi ili wapewe mapya. Kwa hiyo iliamua kwamba neno la mwenye gari halisikilizwi, wala jicho la fundi. Tairi lenyewe ndilo litakaloulizwa, na jibu lake la kwanza ndilo litakaloandikwa.

"Karibuni Mzunguko Mwema," alisema karani. "Tairi, habari yako?"

"Salama," akajibu Shemeji kwa heshima zote.

"Tunafurahi kusikia hivyo. Dai limefungwa. Karibuni tena."

"Ngoja! Ngoja wewe!" Mzee Dismas aligonga kioo. "Hiyo ni salamu tu! Fungua hilo dai!"

"Dai lililofungwa hufunguliwa kwa tairi lililothibitishwa kuwa bovu."

"Na linathibitishwa wapi?"

"Kwenye dai lililo wazi."

Mzee alitazama mbingu kama mtu anayetafuta pa kupeleka mashtaka. Akainama kwenye tairi. "Shemeji, nakuomba. Kuna dirisha la marudio hapo pembeni. Safari hii ukiulizwa habari, sema mbovu."

"Nianze na ubaya?" Shemeji alishtuka. "Mbele ya mgeni?"

"Leo nakuruhusu!"

"Ulinikataza mwenyewe, tena kwa kuubamiza mlango. Watu watasema nimelelewa wapi?"

Mama Auksilia alicheka mpaka mhogo ukamwanguka. "Vuna ulichopanda, mume wangu! Watoto wako hawakukusikia hata siku moja, leo umepata aliyekusikia."

"Mama Auksilia, saa tisa na nusu hii! Unacheka gari likifa?"

Walijaribu dirisha la marudio. Salama. Wakajaribu tairi la nyuma kulia, lililokuwa halina maneno mengi. Likasema "Njema," kwa aibu. Nyuma yao honi zililia kama mbuzi wa mnadani. Mzee Dismas alikaa juu ya kizingiti cha kibanda, jasho likimtiririka, kiganja kifuani.

Hapo akajitokeza bwana mmoja nadhifu, mwenye kofia ya kijani na akili nyingi usoni. Akawaambia kwa utulivu, "Jamani, tatizo si tairi. Tatizo ni huyu karani, anakatiza salamu katikati. Lakini kampuni imemfunga kwa kanuni: asimfungie mteja dirisha, wala asiandike jibu, wakati mteja anamsalimia. Basi msalimieni!"

Mama Auksilia akafuta mikono, akasimama mbele ya kioo. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo," alisema karani, na taa nyekundu ya kufunga dai, iliyokuwa ikiwaka juu ya kioo, ikazimika.

"Marahaba. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri, mama."

"Za watoto?"

Karani alifikiri. "Sina watoto. Nina matawi thelathini."

"Haya, habari za matawi?"

"Hayajambo. Na ninyi, habari za nyumbani?"

"Njema. Usiniulize mimi tu, mwulize na mwenzangu hapa chini."

Karani hakuwa na namna. Kanuni ya adabu ilimtaka arudishe salamu. "Tairi, habari za nyumbani?"

"Njema," alisema Shemeji.

"Za kazi?"

"Njema."

"Za safari?"

"Njema tu."

Salamu zikaisha. Pakawa na kimya kile kinachokuja kila mgeni akishakalia kigoda na maji yakishanywewa. Kisha Shemeji akashusha pumzi.

"Ila," akasema, "ndani naungua. Tangu masika, kila tukiteremka Mgeta utando wangu unachemka. Wenzangu watatu pia. Siku moja tutapasuka na huyu mzee."

"Kasoro imeandikwa," alisema karani. "Matairi manne mapya."

Foleni nzima ililipuka kwa vigelegele. Habari zilikimbia nyuma kutoka gari hadi gari: salimieni, salimieni mpaka achoke! Mzee Dismas aliinuka, akaukumbatia ule mpira wa moto kama ndugu yake.

"Kuna lingine?" aliuliza karani, maana naye alikuwa ameshazoea mazungumzo.

"Lipo," alisema Shemeji. "Ila na mzee naye anaungua."

Mzee Dismas aliuachia mpira. "Limekwisha, Shemeji. Tunakwenda."

"Kila alfajiri napima mzigo kabla hatujaondoka. Kabichi ni zilezile, gari ni lilelile. Dereva ndiye anayepungua. Tangu masika amepungua uzito wa debe zima la mahindi. Na pale kwenye kona anasimama, hatikisiki, mpaka pumzi imrudie. Namwuliza habari, ananiambia salama. Nami nimefundishwa, nasubiri ila yake." Sauti ya tairi ilishuka. "Haijaja mpaka leo."

Mama Auksilia alimgeukia mumewe, akamtazama ule mkanda wenye tundu la msumari, akamtazama shingo ilivyobaki mishipa. Kumbe mtu mnalala kitanda kimoja, naye anakuambia salama kila siku, na wa kumjua ni aliyelala nje kwenye matope.

"Dismas," alimwita kwa jina lake, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Habari?"

"Salama."

Mkewe alisubiri. Karani naye alisubiri, kwa mujibu wa kanuni.

"Ila," alisema Mzee Dismas, akaushika mkono wa mkewe, akauweka kifuani pake.

Jioni ileile, kwa matairi mapya yasiyojua hata kubisha hodi, Mama Auksilia aliliongoza gari mpaka hospitali. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka kama utando wa Shemeji. Daktari alisema wangechelewa mpaka mvua za vuli, wasingemkuta.

Hapo msimulizi alimaliza, akaivuta kofia yake mbele kidogo, akanyoosha kikombe apewe kahawa.

Lakini Shaweji hakumimina, maana shahidi alikuwa palepale. Kampuni iliyayeyusha matairi yote yaliyorudishwa, isipokuwa moja ambalo Mzee Dismas alililia mpaka wakampa kwa sharti la mizigo myepesi. Tangu siku hiyo lilikuwa chini ya mkokoteni wa Shaweji, likibeba birika na vikombe.

Shaweji aliinama. "Shemeji, umemsikia huyu. Maneno yake ni ya kweli?"

"Ni ya kweli," alijibu Shemeji.

Msimulizi aliinua kichwa, akatabasamu kwa pande zote mbili za baraza.

Baraza halikutabasamu. Lilingoja.

"Ila," alisema Shemeji, "hapakuwa na bwana yeyote wa kofia. Rai ya kumsalimia karani aliitoa Mama Auksilia mwenyewe, mimi nilikuwa chini yake."

Macho yote yalipanda polepole mpaka kwenye kofia ya msimulizi. Ilikuwa ya kijani.

Zogo lililozuka halielezeki. Kahawa ikamiminwa kwa wote, kashata zikagawiwa, na pembeni Mzee Dismas, aliyekatazwa kahawa na daktari, akaagiza maziwa yaongezwe kwenye hesabu hiyohiyo. Msimulizi alitia mkono mfukoni, akauacha huko.

"Habari za mfuko, mzee wetu?" aliuliza Shaweji.

"Salama," alisema msimulizi.

Na baraza zima likashika vikombe vyake, likasubiri ila yake.