Sindano Chini ya Goti

Kila jioni baada ya shule, Chuma alifanya mazoezi ya netiboli, kisha akarudi nyumbani kuosha vyombo. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu halii hata akichubuka, naye alilivimbia kichwa. Siku chache kabla ya fainali ya Jumamosi, goti lake la kulia lilianza kuuma. Alijikaza kisabuni, lakini mama yake alimwona akishuka ngazi kwa upande, akampeleka kwa daktari wa sindano.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyesomea tiba ya Kichina ya kuchoma sindano. Alimlaza Chuma kitandani, akapima upana wa vidole vinne vya Chuma mwenyewe kutoka chini ya pia ya goti, akabonyeza kando ya mfupa. Hapo ndipo Wachina wanapopaita Zusanli. Akachoma sindano nyembamba.

"Ukisikia uzito au ganzi, niambie."

Chuma alisikia uzito ukiteremka hadi kifundoni. Lakini aliona kusema hivyo ni kudeka.

"Sisikii kitu."

Daktari akaizungusha sindano kidogo. "Na sasa?"

"Wala."

Daktari akaichomoa, akamgeukia mama. "Dada, mguu usiosikia kitu si wa kufanyia mzaha. Mpeleke hospitali wakampime mishipa ya fahamu. Kwa sasa asikimbie wala asiruke."

Mama aliketi, mkoba mapajani, midomo ikimtetemeka. Chuma hakuwahi kumwona hivyo, na aibu ikamshika.

"Nilisikia," akasema kwa sauti ndogo. "Hadi kwenye kifundo. Na goti linaniuma sana nikiruka."

"Kumbe ulikuwa unatuzuga?" mama aliuliza.

"Nilitaka muone siogopi."

"Afadhali umesema," daktari alisema. "Hospitali hakuna haja tena, lakini goti hilo litapumzika. Jumamosi huchezi."

Chuma alidhani ukweli ungemrudishia fainali. Haukumrudishia. Timu yake ilifungwa akiwa benchi, na roho ilimuuma.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya sindano na mapumziko, alilala tena kwenye kitanda kile. Daktari akalikunja goti na kulikunjua, kisha akachoma sindano pale pale.

"Leo nasikia uzito tu, daktari. Maumivu hakuna, hata nikiruka."

"Haya, rudi uwanjani."

"Hunipimi zaidi?"

"Nimekupima, mwanangu. Lakini maumivu yako siyaoni, naambiwa na wewe. Siku ile ulikiri kwamba goti linakuuma, ikakukosesha fainali, ndiyo maana leo nakuamini."