Mgeni wa Picha ya Kumi na Moja

Habari hii aliisimulia kwanza Zubeda binti Hamimu, fundi wa nguo wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mwezi wa nane mwaka 1999, siku ya harusi ya nyumbani kwao, wageni walipouliza kwa nini bibi harusi anatolewa nje na hakuna mpiga picha hata mmoja. Aliisimulia jikoni, kwa wanawake tu, huku akimenya vitunguu, na hakuirudia tena siku ile.

Miaka miwili kabla yake, wakati wa vikwazo vya biashara vya nchi jirani, kitambaa kilikuwa adimu Bujumbura kuliko nyama. Zubeda alishona mapazia na mashuka. Ukuta wa chumba chake cha kazi ulijaa picha alizokata kwenye magazeti ya mitindo, yaliyoachwa na Wazungu waliokimbia vita. Hakuzipenda zote sawa. Alizipenda zile ambamo mwanamke aliyevaa vizuri amesimama mahali palipohamwa: kiwanda kisicho na paa, ngazi zilizobomoka, hoteli inayobambuka rangi. Alisema nguo haionyeshi uhai wake mpaka isimame mbele ya ukuta uliokufa.

Mama mmoja Mbelgiji alikuwa ameahidi kuwapelekea watu wa mitindo Brussels albamu ya Zubeda ya picha kumi na mbili. Zubeda akashona gauni la kijani, refu hadi kifundo cha mguu, kutoka kwenye pazia la hariri, kwa vipimo vya mdogo wake Houda: kiuno sentimita sitini na sita, urefu mia na sitini na moja. Mumewe Tajudini, mwenye studio ya picha, akabeba kamera. Wakaenda Mutanga Nord, mtaa wa matajiri, kwenye villa, jumba lililokaa tupu miaka miwili. Mlinzi, Jovithe, aliwafungulia geti saa nne asubuhi, naye akabaki nje.

Sebuleni jua liliingia kupitia madirisha yasiyo na vioo. Tajudini alipiga picha kumi bila shida.

"Houda, inua kidevu. Usicheke, we si muuza ndizi."

"Muuza ndizi anacheka kwa sababu ameuza, shemeji. Mi bado."

Akacheka, naye Tajudini akacheka. Kisha Tajudini, jicho likiwa kwenye kamera, akasema, "Na we dada wa mulangoni, usikae nusu ndani nusu inje. Ingia. Ingia mu picha." Akabonyeza.

Zubeda, pini zikiwa midomoni, aligeuka. Mlango wa kwenda vyumbani ulikuwa mtupu. Lakini harufu ilitoka huko, harufu anayoijua kila fundi, ya kitambaa kibichi kinapopigwa pasi ya makaa, kana kwamba ndani mle kuna mtu anamalizia nguo yake.

"Ulikuwa unaambia nani?"

"Yule dada wa mulinzi."

"Jovithe yuko peke yake, Taju."

Tajudini akashusha kamera. Maneno yale alikuwa ameyasema mara elfu kwenye harusi, maana kila harusi ina mtu wa pembeni anayeona haya kuingia pichani. Ulimi ulikuwa umekaribisha kabla macho hayajauliza ni nani. Wakapiga picha ya kumi na mbili harakaharaka, wakaondoka.

Mchana uleule, kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, alimwita mkewe kwa kunong'ona.

"Zube, njo uone."

Ndani ya dawa ya kusafishia, picha ya kumi na moja ilikuwa inajitokeza. Houda alisimama mbele. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mwanamke aliyevaa gauni lilelile.

"Iko moja tu," Zubeda akasema. "Mi ndiye nimeikata."

Gauni lilimning'inia yule mwanamke kama limetundikwa msumarini: kifua kimebonyea, kiuno kitupu, mikono bapa. Juu ya kola, uso ulikuwa ukungu, kama wa mtu aliyetikisika wakati wa kupigwa. Wakakubaliana wasimwambie Houda.

Siku ya sita Houda alilivaa tena gauni ili pindo lirekebishwe, na likamlegea. Zubeda akampima kiuno: sitini na tatu. Wiki iliyofuata, hamsini na tisa. Houda alikula wali na ndagala, vidagaa vya ziwani, kama kawaida, akajisifu kwamba sasa amekuwa mwanamitindo wa kweli. Daktari akasema minyoo, akampa vidonge. Tajudini akajifungia, akasafisha tena picha ya kumi na moja kutoka kwenye mkanda uleule, akatoka nayo mkononi ikiwa bado mbichi: mlangoni pale kifua cha gauni kilikuwa kimejaa.

Jumatatu moja Houda alisimama mbele ya dada yake, na pindo la gauni likalala sakafuni.

Zubeda alimpima urefu mara tatu, akabadilisha utepe wa kupimia akidhani umevutika, akampima tena, na kila mara utepe ulisema mia na hamsini na saba. Naye akajua, akiwa bado amepiga magoti na mkono wake juu ya kisigino cha mdogo wake, kwamba ugonjwa hula nyama lakini haupunguzi mfupa, na kwamba kinachomla huyu mtoto hakitashiba mpaka abaki gauni tupu.

"Dada, mbona huinuki?"

"Natafuta pini."

"Pini gani, na we unapima urefu?"

Walikwenda kwa Mwalimu Seifu, aliyekuwa akisomea wagonjwa pale Buyenzi. Aliitazama picha mara moja, akaigeuza kifudifudi.

"Nani alimukaribisha?"

Tajudini akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Jini aliyejiingiza ningemusomea akatoka," alisema Mwalimu. "Huyu ameitwa. Ni mugeni wenu, na mugeni afukuzwi. Mugeni anapewa cha njiani, anasindikizwa. Alikuja kwa ajili ya nguo. Mama Zubeda, utamushonea yake, kwa vipimo vyake mwenyewe, ili aache vya mutoto. Na we Tajudini, uliyemuita, utamutoa mupaka barabarani. Mumushukuru, basi. Neno lingine apana."

"Vipimo vyake nitavipata wapi, Mwalimu?"

"Pale alipo."

Wakarudi villa saa sita mchana. Tajudini alisimama katikati ya sebule, akasema, "Dada, fundi amekuja kukupima." Zubeda akaenda mpaka mlangoni, akafumba macho kama Mwalimu alivyomwelekeza, akazungusha utepe hewani kama anavyouzungusha kwenye viuno vya wateja wake kila siku, akiomba moyoni ncha mbili zikutane bila kugusa kitu ili aseme wamejidanganya, wamechoka na vita, lakini utepe ukakaza, ukakaa juu ya kitu chenye ubaridi wa chuma, na harufu ya pasi ikampanda puani, na karibu kabisa na sikio lake mtu akavuta pumzi na kuibana, kama wanawake wote wanavyofanya fundi anapowapima kiuno. Zubeda akasoma kwa kidole gumba, kwa mikunjo aliyoutia utepe mwenyewe kila sentimita tano na alama ya ukucha kila sentimita.

Sitini na sita, kiuno cha Houda cha zamani.

Alipima kifua, mabega, urefu, akavishika vipimo vyote kichwani, akarudi kinyumenyume.

Alishona siku tatu, kwa kipande kilichobaki cha pazia lile. Siku ya nne wakatundika gauni mlangoni kwenye henga ya nguo, wakageuka. Nyuma yao kitambaa kikachakarika. Tajudini akasema, "Asante dada, kazi imekwisha, tukusindikize." Wakatoka bila kutazama nyuma, wakipita bwawa la kuogelea lililokauka, na hatua za mtu wa tatu zikawafuata juu ya majani makavu, nyepesi, bila haraka, mpaka getini, ambako Jovithe alikuwa ameacha geti wazi na kujificha nyuma ya mti. Pindo la hariri likampitia Zubeda mguuni. Hatua zikashuka barabarani.

Tajudini akashusha pumzi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, mwenye studio, aliyeagana hivyo na kila mteja tangu ujana wake, akasema:

"Karibu tena, dada."

Hatua zikasimama. Zikakaa kitambo, kama mtu anayekariri njia. Kisha zikaendelea.

Zubeda hakumgombeza mumewe. Walitembea mpaka Buyenzi. Mwezi ule kiuno cha Houda kikarudi sitini na sita, na picha zote kumi na mbili zikachomwa pamoja na mkanda wake. Albamu haikwenda Brussels.

Mwalimu Seifu alifariki mwaka 2002. Tajudini aliuza kamera zake, akawa fundi redio, naye akafariki mwaka 2004 kwa malaria. Jovithe hajulikani aliko. Zubeda yu hai, bado anashona, ingawa ukuta wake sasa ni mweupe. Houda naye yu hai, ana watoto wawili, na urefu wake bado ni sentimita mia na hamsini na saba; zile nne hazikurudi. Inajulikana kwa hakika, kwa sababu kila Ijumaa asubuhi dada yake humsimamisha na kumpima.