Kilo Hamsini na Nane

Duka la vifaa vya mazoezi lilifurika Jumamosi ile. Mshonaji, ndani ya gauni la buluu alilolishona mwenyewe, aliinama kujaribu chuma cha kilo ishirini. Mgongo ukamkamata. Akabaki vilevile, ameinama, macho yamemtoka.

"Dada, hicho si cha kuanzia," muuzaji alisema, akakipokea. Alikuwa mrefu, fulana imembana mabega, lakini sauti yake ya taratibu. "Unataka kupungua, au kutunisha misuli?"

"Nataka niweze kunyanyua kilo hamsini na nane."

"Hesabu kamili hivyo! Unataka kumbeba mumeo?"

"Sina mume," alijibu upesi, kisha akaona haya kwa upesi ule.

Muuzaji alimpitisha kwenye mashine kubwa bila kusimama. "Hii itakumalizia sebule, halafu utaishia kuanikia nguo." Akamchagulia mipira miwili ya kuvuta, mmoja laini na mmoja mgumu, na chuma cha kilo nane chenye mpini kama wa birika. "Kunja magoti, nyoosha mgongo, nguvu itoke miguuni. Ukikizoea, nipigie."

Alipiga kabla hajakizoea.

"Umefanya leo?" muuzaji alikuwa akimuuliza kila siku saa ya chakula cha mchana.

"Mara kumi, mwalimu."

"Mwongo. Pumzi zako zinasema sita."

"Saba, mpenzi. Usinidhulumu."

Neno lile lilimponyoka, na hakuna aliyelirudisha. Walionana sokoni, wakaonana bustanini, lakini kila muuzaji alipotaka kufika kwake, mshonaji alipata udhuru. Nyumbani alikuwa na mama yake, aliyepooza upande mmoja mwaka wa pili sasa, wa kugeuzwa, kuogeshwa na kukalishwa. Mchumba wa kwanza alikiona kitanda kile mara mbili tu, simu zake zikakatika. Mshonaji hakutaka kuachwa tena kwa sababu ileile.

Alasiri moja mlango ukagongwa. Muuzaji alikuwa amesimama kizingitini, jasho linamtiririka, chuma cha kilo kumi na mbili mkononi.

"Fundi wa viatu hapo nje kanionyesha nyumba. Nikaona nikushtukize."

Kabla hajajibiwa, kitanda kililia chumbani na mtu akakohoa, kikohozi kizito.

"Kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Muuzaji aliutazama mlango wa chumbani, akamtazama yeye. Akakiweka chuma sakafuni polepole. "Ungeniambia tu kwamba una mtu wako," alisema, akaondoka.

Mshonaji alipoingia chumbani, mama yake alikuwa ameelekea ukutani.

"Mama, nikugeuze?"

"Unamgeuza nani?" mama alisema kwa ulimi wake mzito. "Si umesema hakuna mtu?"

Mshonaji alipiga magoti kando ya kitanda, akalia mpaka shuka likalowa. Mama hakumfukuza, lakini hakumshika pia. Siku mbili nzima alikula bila kusema neno. Siku ya tatu akasema, "Mpigie huyo kijana. Mimi si kitu cha kufichwa."

Mshonaji akapiga. Alieleza yote kwa mkupuo, asije akakosa ujasiri katikati.

"Kumbe hamsini na nane ni uzito wa mama," muuzaji alisema. "Na mimi nikakutania."

Alikuja jioni ileile, shati limepigwa pasi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemuuzia mwanangu vyuma? Mgongo bado unamuuma."

"Nitamrekebisha, mama."

Mshonaji alimsindikiza hadi mlangoni. "Sasa umeona. Ukitaka kwenda, nenda leo. Usinizoeshe kwanza."

Muuzaji aligeuka kuutazama mlango wa chumbani. "Nikisema nitaweza, nitakudanganya. Sijawahi kumuuguza mtu. Nakupenda, na naogopa. Vyote viwili." Akamgeukia tena. "Niruhusu nije Jumanne."

Mshonaji alitaka kuahidiwa zaidi ya hapo. Lakini yule wa kwanza aliahidi mengi.

"Jumanne namwogesha saa kumi," alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Usije na shati hilo. Utalowa."